Ofisi ya ushauri wa masomo Kaloleni, Arusha: tulivyoshauriwa kuhusu shahada ya sera za umma

Binti yetu alipomaliza kidato cha sita na kusema anataka kusomea sera za umma, tulimpeleka katika ofisi moja ya ushauri wa masomo iliyopo Kaloleni, hapa Arusha. Ada ni shilingi 30,000 kwa kikao, na kwa sehemu kubwa inastahili.

Mshauri hakuanza na dodoso la kupima vipaji. Alimwekea binti mezani kitabu cha bajeti ya halmashauri, akamtaka atafute mapato ya ndani, kisha akokotoe asilimia 10 inayotengwa kwa mikopo ya vikundi: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Baada ya hapo akamuuliza, "Haya binti, kikundi kikishindwa kurejesha, tatizo liko kwa wakopaji au kwenye utaratibu wenyewe, na utalijuaje?" Hapo ndipo alipoiona kazi ilivyo, yaani kupima kwa takwimu na kwa kuzungumza na wananchi kama uamuzi wa serikali umewafikia walengwa. Nilifurahi pia kusikia akihimizwa kujifunza takwimu na uchumi kwa bidii, masomo ambayo wengi waliotoka mchepuo wa HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza) huyaogopa.

Upande wa ajira ndio uliopwaya. Tuliambiwa kwamba mkazi wa Arusha ana bahati kwa kuwa makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yapo hapa, ilhali nafasi za kitaalamu pale hugawanywa kwa nchi wanachama, na nyingi hudai uzoefu ambao mhitimu mpya hana. Penye matumaini ya karibu zaidi ni halmashauri, wizara, na mashirika yasiyo ya kiserikali, ambayo Arusha na Moshi hayakosekani.

Lakini kuhusu serikali kuna jambo ambalo mshauri alilipitia juu juu, nami naliona zito kuliko yote. Nafasi nyingi zinazotangazwa na Sekretarieti ya Ajira huwa na majina ya kada, kama vile Afisa Tawala, Afisa Mipango au Mchumi, na tangazo hutaja fani za shahada zinazokubalika. Mwenye shahada isiyotajwa anaweza kuachwa kabla hata ya usaili wa mchujo, hata kama aliyajua masomo yake vizuri. Kwa hiyo kijana anayeipenda sera anapaswa kulinganisha jina la shahada na matangazo hayo kabla ya kuomba chuo, na pengine achague shahada kama ile ya Sayansi ya Siasa na Utawala wa Umma ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Nilipomwomba mshauri tufanye ulinganisho huo, aliufanya vizuri na bila haraka. Ningependa awafanyie wote bila kuombwa.

Foleni huwa ndefu mwezi Julai, matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, hivyo ni vyema kwenda kabla Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) haijafungua dirisha la udahili.