Bima kubwa kwa dereva mpya Kisumu: ukigongwa bila kosa, nani analipa?

Gari langu lina bima kubwa, yaani ile inayolipia pia uharibifu wa gari lako mwenyewe, niliyoikata hapa Kisumu leseni yangu ikiwa ingali mpya. Mengi kuihusu yanajulikana, kwa hiyo nitashika upande mmoja tu ambao maajenti huupita mbio: dereva mpya akigongwa na mtu mwingine, bima yake inaathirika vipi?

Chukua gari la thamani ya shilingi 1,000,000. Kwa kiwango cha asilimia 4, bima ni 40,000. Ongeza tozo juu ya hiyo 40,000: asilimia 0.2 ya mafunzo na asilimia 0.25 ya mfuko wa fidia, yaani 180, kisha stempu 40. Unalipa 40,220. Ekses, yaani sehemu ya hasara unayojilipia mwenyewe kwenye kila dai, kwa mkataba wangu ni asilimia 2.5 ya thamani ya gari, hivyo 25,000, na aliyekuwa kwenye usukani akiwa na leseni isiyotimiza mwaka, inaongezwa 5,000. Mikataba mingine huhesabu miaka miwili, mingine huangalia umri, kwa hiyo soma wako. Kipo pia kipengele cha kulipia zaidi ili ekses iondolewe. Changu kinaondoa ile ya kawaida tu, ya dereva mpya kinaiacha palepale.

Ekses haiulizi kosa ni la nani. Lori likikupiga nyuma ukiwa umesimama kwenye foleni ya Kondele, na gereji ikisema bampa, taa na rangi ni 45,000, kampuni yako inatoa 15,000. Zile 30,000 unazitoa wewe, halafu unazitafuta kwa mwenye lori. Kwa maoni yangu hili ndilo jambo baya kuliko yote katika bima hii, na ajenti anapaswa kulisema kabla hujalipa.

Punguzo la kutodai, yaani la bei kwa asiyedai mwaka mzima, nalo lina mantiki yake. Kinachotazamwa ni kama pesa ambazo kampuni imekulipa zimerudishwa na upande uliokosa. Kama hazijarudi kufikia siku ya kukata upya, faili inaonyesha klemu, yaani dai. Punguzo la asilimia 10 likienda, umepoteza 4,000 nyingine. Dereva mwenye uzoefu wa miaka kumi ana historia ndefu ya kumtetea, lakini wa mwaka mmoja, klemu hiyo ndiyo historia yake yote, na anayepanga bei huiona kabla ya kuona maelezo yako.

Ndiyo maana kwa uharibifu mdogo napendekeza udai moja kwa moja kwa kampuni ya aliyekugonga, kwa sababu huko hukatwi ekses yako. Kwako toa taarifa tu, kwa maandishi, ukisema wazi kwamba unaripoti bila kudai. Usinyamaze: mkataba unakudai uripoti kila ajali, na mwenye lori naye anaweza kugeuka akasema wewe ndiye uliyekosa.

Njia hiyo hukwama mahali pamoja. Sheria ya bima ya lazima, Sura ya 405, inahusu kifo na majeraha. Uharibifu wa mali hulipwa kwa mujibu wa mkataba kati ya mwenye gari na kampuni yake, na kampuni hiyo haisogei mpaka mteja wake mwenyewe aripoti ajali. Wengi hawaripoti, hasa wenye matatu na malori, kwa kuogopa bei ya mwaka ujao. Kwa hiyo namba ya simu ya dereva peke yake haitoshi. Kabla magari hayajasogezwa, piga picha za namba za usajili, sehemu zilizogongana, alama za breki, na cheti cha bima kilicho kwenye kioo, jina la kampuni, namba na tarehe ya kwisha zikisomeka. Cheti unaweza kukihakiki kwa AKI BimaYangu, programu ya simu ya chama cha kampuni za bima, papo hapo.

Akisema "tumalizane hapa", usitie sahihi karatasi yoyote. Ukikubali kumalizana bila idhini ya kampuni yako, umeifungia njia ya kumdai, nayo inaweza kukataa kukulipa.

Polisi watakupa namba ya OB (kitabu chao cha matukio), kisha abstrakti, yaani muhtasari wao wa ajali, na vyote hutoka kituo cha eneo la ajali. Aliyegongwa Salgaa, kwenye barabara kuu nje ya mji wa Nakuru, atarudi upande huo, hata kama anaishi Kisumu au mjini Nakuru. Isome kabla hujaondoka dirishani. Ikiwa imeandikwa kwamba uchunguzi unaendelea, kampuni itachukulia kosa bado halijaamuliwa, na punguzo lako litasimama hapo. Uchunguzi ukiisha, rudi uchukue nyingine inayotaja dereva aliyekosa.

Mwenye gari lililokugonga akikataa kabisa kulipa, ipo Mahakama ya Madai Madogo, kwa madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Tafuta jina la mwenye gari kwenye kumbukumbu za NTSA, mamlaka inayosajili magari. Beba abstrakti, ripoti ya asesa (mkaguzi wa uharibifu) na risiti yake, na risiti za gereji. Gharama isiyo na risiti hupati, kwa hiyo fundi wa kukuandikia kwenye karatasi ya daftari atakugharimu. Muda wa kushtaki ni miaka mitatu tangu siku ya ajali.

Ukilazimika kudai kwako kwa sababu uharibifu ni mkubwa, Sheria ya Bima inaipa kampuni siku 90 tangu klemu iripotiwe. Zikipita, andikia mamlaka ya bima, IRA. Kwa upande wa matengenezo sina lawama: asesa anakuja kwa wakati na gereji za hapa zimeidhinishwa. Kinachosinzia ni kumfuatia mkosaji, kwa hiyo mwezi mmoja kabla ya kukata upya omba barua inayosema ni kiasi gani kimerudishwa na ekses yako iko wapi. Pesa zikiwa zimerudi, dai punguzo lirejeshwe kwenye nukuu mpya ya bei kabla hujalipa, maana wao hawalirejeshi wenyewe.