TAHADHARI: Huyu muuzaji wa mjusi kakakuona ni tapeli, msimtumie hela

Ndugu zangu, nimepigwa. Siku nne nimekaa kimya kwa aibu, lakini nikinyamaza ataliza na wengine.

Ni yule mjusi mnaojua nimemhangaikia miaka yote, wa jangwa la magharibi mwa Afrika Kusini, mwenye magamba ya miiba, akiogopa anauma mkia wake na kujiviringa kama pete. Jamaa alinitafuta mwenyewe. Naomba mnielewe, sikukurupuka! Wiki nzima nilimuuliza maswali, akajibu kwa upole, dada yangu hiki, dada yangu kile. Nikamwambia wazi sitaki mjusi aliyekamatwa porini. Akasema hata yeye anawachukia majangili. Akanipigia simu ya video. Akafunua boksi la plastiki polepole, ndani mna mchanga wenye unyevu na mayai matano meupe, akamulika moja kwa tochi mpaka nikaona mishipa myekundu. "Hawa ni wadogo zake huyo wako," akasema. "Naye nilimtotoa humu humu." Machozi yalinilenga. Usiku ule ule nikatuma hela yote, hata ile mnayojua nilikuwa naiweka kwa ajili gani.

Alipofika, alikuwa amejikunja, mkia mdomoni, hataki kuachia. Nilipiga magoti namsubiri. Alipolegea nikamgeuza kiganjani: kucha zimelika, moja haipo kabisa, na pembeni mwa tundu la sikio kupe wawili wamevimba. Kupe! Aliyezaliwa ndani ya boksi la plastiki kawapata wapi? Nikatuma picha. Akajibu kwamba ni vumbi la safari. Ujumbe wangu uliofuata haukufika, keshaniblok.

Hakula. Kwao chakula chake kikubwa ni mchwa, mimi nikamwekea nyenje, hata kuwatazama hakuwatazama. Kwao wanaishi kundi kundi kwenye nyufa za miamba, mara nyingine makumi pamoja. Wangu alijibana peke yake nyuma ya jiwe nililomnunulia. Siku ya 11 nikamkuta amekufa.

Daktari wa wanyama ndiye aliyenifungua macho. Nilipomsimulia habari ya mayai akaniangalia kwa huruma. Mjusi huyu hatagi! Anazaa mtoto hai, mmoja, akizidi wawili, basi, mpaka mwaka mwingine. Mimi niliyesoma habari zote za joto na taa za UVB, zile za mwanga kama wa jua, hilo sikulijua, na ndilo alilonikamatia. Mayai yale sijui hata ni ya mnyama gani.

Ndiyo maana nataka afungwe, si kurudisha hela tu. Mnyama anayezaa mtoto mmoja kwa mwaka, wewe unabandua mawe na kubeba kundi zima? Afrika Kusini kumkamata bila kibali ni kosa la jinai, na kumvusha mpaka kunataka kibali cha CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea walio hatarini. Afungwe yeye, afungwe anayemletea, na simu yake ichukuliwe, mle ndani kuna majina. Mimi niko tayari kutoa ushahidi, nina risiti na mazungumzo yote.

Mnaoniuliza inbox dalili zilikuwa zipi: cheti "kinafuata", kila siku kinafuata. Picha zake zote ni mijusi wakubwa wa saizi moja, hakuna hata mtoto mmoja. Kucha na kupe nimeshasema. Na akiwaonyesha yai la mjusi huyu, kateni simu palepale.

Jana usiku nimemwona tena, jina jipya, picha mpya ya wasifu. Kaweka video: boksi lile lile, mayai yale yale matano. Chini yake kuna mtu ameandika, "Nahifadhi hela, niwekee mmoja." Wewe uliyeandika hivyo, kama unasoma hapa, nitafute kabla hujatuma.