ReciPal kwa wasindikaji wadogo: hesabu nzuri, lebo ya Kimarekani

Kama jemu yako inakwenda kwenye rafu za Marekani, ReciPal, programu ya mtandaoni ya kutengeneza lebo za virutubishi, inalipa. Kama inauzwa Arusha au Thika, itumie kama kikokotoo tu na lebo uipange mwenyewe.

Inafanya kazi kwenye kivinjari, bila kusakinisha kitu. Unaingiza resipe, nayo inavuta takwimu za kila kiambato kutoka kanzidata ya Wizara ya Kilimo ya Marekani (USDA), kisha inakupa jedwali la virutubishi na orodha ya viambato. Ingiza kila kitu kwa gramu. Vikombe na vijiko vipo, lakini kikombe cha embe lililopondwa na cha embe la vipande havina uzito mmoja.

Kazi yenyewe iko kwenye sufuria. Chukua jemu ya embe: nyama ya embe kilo 8, sukari kilo 4. Ikiiva imebaki kilo 8, maana yake kilo 4 za maji zimekwenda na mvuke. Usipoingiza upotevu huo, sukari inagawanywa kwa kilo 12 na lebo inasoma gramu 33 za sukari iliyoongezwa katika kila gramu 100. Ukweli ni gramu 50, na ukijumlisha sukari ya embe lenyewe unakaribia 64. Hakuna kosa linalopotosha lebo ya jemu kiasi hiki. Pima sufuria tupu, pima tena ikiwa na jemu iliyoiva, toa upate uzito wa jemu, ndipo uingize upotevu kwenye ReciPal.

Embe nalo lipimwe baada ya kumenywa na kutolewa kokwa, kwa sababu takwimu za USDA ni za sehemu inayoliwa. Na usichague kwa haraka: ukichukua embe la kopo lenye sharubati, unaongeza sukari ambayo hukuitia.

Vitamini C usiitangaze. Kanzidata inaonyesha embe lisilopikwa lina takriban miligramu 36 kwa gramu 100, lakini kiasi kilichopotea jikoni hakijulikani bila kipimo cha maabara.

Sasa lebo. Ya Marekani huandikwa kwa kipimo cha mlaji, kwa jemu kijiko kimoja cha mezani, kama gramu 20, na tarakimu hukadiriwa (husogezwa hadi namba iliyo karibu) kwa kanuni za FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani. Protini chini ya gramu 0.5 huandikwa 0. Jemu yetu ina protini kama gramu 0.8 kwa gramu 100, yaani 0.16 kwa kijiko. Lebo inasema 0. Anayezidisha lebo hiyo mara tano ili apate lebo ya gramu 100 kwa soko la hapa anapata sifuri isiyo ya kweli. Chukua tarakimu ambazo hazijakadiriwa, zipeleke kwa gramu 100, na nishati uizidishe kwa 4.184 kupata kilojuli: kilokalori 254 zinakuwa kilojuli 1,063.

Kwa unga wa muhogo, mchicha au dagaa, tengeneza kiambato chako mwenyewe ukitumia majedwali ya virutubishi vya vyakula ya Tanzania ya 2008 au ya Kenya ya 2018. Ni kazi ya mkono, lakini yanakaribia zaidi chakula chetu.

Vitafunwa vya kukaanga ni habari nyingine. Resipe haisemi krisps zimenyonya mafuta kiasi gani, na kupima mafuta kabla na baada ya kukaanga hukupa makadirio tu. Hapo lipia maabara kwanza.