Mkanda, kamba na hanesi: msimu mzima nyuma ya Radi

Seti hii ya skijoringi, yaani mchezo wa kuteleza kwenye theluji kwa skii (mbao ndefu nyembamba za miguuni) ukivutwa na mbwa, nimeitumia tangu theluji ya kwanza ilipoanguka mpaka ya mwisho ilipoyeyuka, nikivutwa na Radi, mbwa wangu jike wa kilo 24. Mkanda navaa mimi, hanesi (vazi la mikanda la kuvutia) anavaa yeye, na kamba inatuunganisha. Nimesubiri msimu uishe ndipo niandike, kwa sababu kwenye njia iliyoshindiliwa vizuri karibu kila kifaa cha skijoringi kinafaa. Ubora wake utaujua theluji ikibadilika.

Naanza na mkanda, ndio ulionifurahisha kuliko vyote. Ni mpana, unakaa kwenye nyonga, na una mikanda miwili inayopita chini ya mapaja. Msiidharau hiyo ya mapaja. Mkanda niliokuwa nao zamani haukuwa nayo. Mbwa akivuta tu unapanda mgongoni, na jioni nilikuwa siwezi kuinuka kitini bila kushika meza. Huu haupandi. Radi akivuta, nguvu inashukia kwenye nyonga, magoti yanajikunja yenyewe, nami naendelea kusukuma kwa miguu na fimbo. Na kusukuma ni lazima. Ukining'inia nyuma kama gunia, mbwa mmoja atachoka mapema sana.

Kamba ina urefu wa mita 2.5 hivi, na sehemu yake ina mpira ndani. Faida ya mpira huo niliiona kwenye theluji mpya, laini kama unga. Radi alikuwa anazama hadi kifuani, anaruka, anazama tena. Kila mruko kamba inakaza, halafu inalegea. Kamba isiyonyumbuka ingempiga yeye mabegani na mimi kiunoni kwa kila mruko. Hii ilikuwa inanyooka na kurudi taratibu, nikawa nahisi pumzi zake kupitia kwenye nyonga zangu. Penye mlima nilitangulia mimi kumkanyagia njia.

Theluji iliyoyeyuka mchana ikaganda usiku ni habari nyingine. Juu kuna gamba gumu, skii zinataka kumpita mbwa, na kamba inalegea mpaka inagusa miguu yake ya nyuma. Kama bado hujajua kufunga breki kwa kutanua visigino, siku hiyo usitoke. Skii zenye kingo za chuma pia ziacheni nyumbani, zitamkata mbwa miguu. Gamba lenyewe huchubua nyayo, ndiyo maana Radi huwa namvalisha soksi zake zote nne.

Hanesi haina maneno mengi: haimbani shingo, na kwapani sijaona manyoya yaliyochunika. Ni fupi, inaishia mbavuni, na hilo nalipenda, kwani kamba inapanda kuja kiunoni kwangu. Ndefu ingeinuka mgongoni.

Kasoro niliikuta kwenye theluji ya majimaji, hali ya hewa ikicheza kwenye nyuzi sifuri. Theluji hiyo inaganda katikati ya vidole vya mbwa kama gololi, nami husimama kila mara kumtoa gololi hizo. Siku moja tulipokuwa tunarudi jua lilizama, baridi ikakaza. Sungura akakatiza njia. Mchezo huu hauna hatamu, mbwa unamwongoza kwa sauti tu, na Radi analijua neno “pita”, lakini siku ile hakulisikia. Nikavuta kikamba cha kufyatulia, kinachochomoa pini inayoshika kamba kwenye mkanda. Pini haikutoka. Nikavuta tena, nikaanguka ubavu, nikaburutwa hadi vichakani. Nilivua glavu nikatazama: maji yalikuwa yameingia kwenye pini na kuganda, barafu nyembamba kama ukucha, imeishika kabisa. Nilipuliza kwa mdomo mpaka ikaachia. Radi amesimama pembeni ananiangalia, mzima, namshukuru Mungu.

Sehemu ya kufyatulia ndiyo uhai wa mbwa na wako. Haifai kushindwa na maji yaliyoganda, na watengenezaji nimewaandikia waibadilishe pini iwe nene na pengo lake lipanuke. Kwa sasa naifyatua mara tatu kabla ya kuondoka, na kila tukisimama kutoa gololi za barafu naifyatua tena. Mkanda wenyewe, kamba na hanesi nitavivaa tena msimu ujao.