Kinyozi wa kuja nyumbani: uzoefu wangu tangu enzi za korona

Kabla ya 2020 huduma hii niliiona ya wenye pesa zao. Mimi ni mtu wa kwa kinyozi mtaani, hapa Umoja, Nairobi: unakaa kwenye benchi, mpira uko kwenye runinga, unangoja zamu yako. Mwisho wa Machi ikaja kafyu ya saa moja jioni. Matatu ya abiria 14 ikawa inabeba 8, foleni stejini haisogei, na ukifika mtaani jamaa ameshafunga. Nywele zikaota.

Basi kinyozi wangu akaanza kuzunguka na begi. Unampigia, anakuja Jumapili asubuhi na mashine ya chaji, anakunyolea kwenye veranda. Alikuwa ananinyoa kwa shilingi 100, nyumbani akataka 250. Nililipa kwa M-Pesa; wakati huo Safaricom walikuwa wameondoa ada ya kutuma pesa isiyozidi 1,000, kwa hiyo uchungu ulipungua kidogo.

Usafi ndio ulionifanya nibaki naye. Kule dukani alikuwa akipuliza mashine kwa mdomo, fuu, kisha anahamia kichwa kingine, na sote tuliona sawa. Sasa anapiga meno ya mashine brashi mbele yako, anayamwagia spiriti, anayawasha moto kidogo, anasubiri yapoe. Kitambaa cha shingoni unatoa mwenyewe. Mimi nilitoa leso ya mke wangu, na hilo halijasahaulika humu ndani.

Kasoro? Barakoa. Akifika sikioni unavua kamba ya upande huo na kuishikilia barakoa kwa kidole, akihamia upande wa pili unabadilisha mkono. Ndevu alikataa kabisa kuzigusa kwa miezi. Kukandwa shingo na taulo la moto, ambako kwangu ni nusu ya raha yote, kulikufa. Hata porojo zilikauka, maana Ligi ya Uingereza yenyewe ilikuwa imesimama hadi Juni.

Kafyu iliondolewa Oktoba 2021 na duka lake limejaa tena, lakini nyumbani bado anakuja. Siku hizi ni 300, na ukimtaka Jumamosi mwambie mapema. Kama una watoto wa kiume wanaolia wakisikia mashine, lipa tu. Kijana asiye na familia aende dukani, huko ndiko kuna stori. Ila ufagio uwe nao karibu: nywele anakuachia.