Wiktionary na asili ya "noga": yafaa kuanzia, si kumalizia

Mwanafunzi wa isimu linganishi pale Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) anayetaka mfano nje ya Kibantu aanze na toleo la Kiingereza la Wiktionary, kamusi ya mtandaoni. Ni bure, na kurasa zake kwa sehemu kubwa ni maandishi, kwa hiyo bando dogo linatosha.

Chukua noga, "mguu" wa lugha za Kislavi. Usihangaike kuandika maumbo ya lugha mame (lugha ya kale iliyozaa hizi za leo), maana herufi kama ǫ na ь hazimo kwenye kibodi ya kawaida ya simu. Andika noga, shuka hadi Kipolandi (lugha zimepangwa kialfabeti), tafuta etimolojia, kisha bonyeza *noga. Uhondo uko huko. Kirusi kina noga. Kicheki na Kiukraine vina noha. Hiyo g imegeuka h kwa utaratibu, kama kitwa cha Kiamu kilivyo kichwa huku kwetu. Ukifika Kilithuania, naga ni kwato, nagas ni ukucha: neno lilianzia kwatoni likapanda hadi nyonga. Leo noga hubeba unyayo na paja, sawasawa na mguu wetu.

Nyota ile ya *noga huwapoteza waliotoka darasa la sintaksia, ambako huonyesha tungo isiyo sahihi. Hapa maana yake ni umbo lisilopatikana katika andiko lolote, lililoundwa upya kwa kulinganisha lugha. Mkazo nao hurukwa, kwa kuwa wa Kiswahili hutulia silabi ya pili kutoka mwisho. Kirusi husema nogá, lakini neno likiwa yambwa (mtendwa) ni nógu. Kuhama huko ni urithi wa lugha mame, usiupuuze.

Kasoro kubwa ni mzizi wa Kihindi-Kiulaya (lugha mame ya kale zaidi, iliyozaa Kislavi, Kilithuania na Kigiriki) unaoanza na h₃ bila maelezo. Ni konsonanti iliyotoweka. Kislavi hakina dalili yake, ila o ya mwanzo katika onyx, "ukucha" wa Kigiriki, ndiyo athari yake. Bila mwalimu, mwanafunzi atakwama hapo.

Tena, yeyote anaweza kuhariri. Dai lisilo na chanzo lihakikiwe katika kamusi ya Rick Derksen ya mwaka 2008, iliyo kwa Kiingereza. Ya Max Vasmer (1950–1958) inadai Kijerumani, au tafsiri yake ya Kirusi.

Alama: 4 kati ya 5. Iliyokatwa ni ya h₃.