Seti Kamili ya Mkanda wa Taimingi: Ununue, au Mkanda Peke Yake Unatosha?

Habari zenu, ndugu watazamaji. Hapa mezani nina maboksi mawili. Hili dogo lina mkanda wa taimingi peke yake. Hili kubwa ni seti kamili: mkanda, tenshena (kifaa cha kuukaza mkanda), puli ya kuongozea, pampu ya maji pamoja na gasketi yake. Mnaobadilisha wenyewe nyumbani mnaniuliza sana: kama kilichochakaa ni mkanda, hilo boksi kubwa la nini?

Jibu nalitoa mapema: nunua seti. Sasa twende tuone sababu.

Tuanze na mkanda. Raba ya mikanda mingi ya sasa inaitwa HNBR, inavumilia joto, na ndani yake zimepita nyuzi za kioo. Nyuzi hizi hazivutiki, lakini ukiukunja mkanda kwa nguvu zinavunjika bila wewe kuona kitu kwa nje. Kwa hiyo ukikuta dukani umekunjwa ukafungwa kwa kamba, uache hapo hapo.

Kazi yake ni kuzungusha kamshafti, shafti inayofungua valvu, kwa kufuata kranki, shafti inayozungushwa na pistoni: kranki mara mbili, kamshafti mara moja. Injini ikiwa kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika, kila valvu inafunguka mara 25 kwa sekunde. Katika injini nyingi pistoni na valvu zinapita nafasi ile ile kwa zamu. Mkanda ukikatika au ukiruka meno, zamu inavurugika, pistoni inagonga valvu, valvu zinapinda, na silinda hedi, sehemu ya juu ya injini yenye valvu, lazima ishuke.

Sasa angalieni tenshena, maana hapa ndipo pesa yako inapofanya kazi. Ndani yake kuna beringi, na ile ya zamani iliyomo kwenye injini imetembea kilomita zile zile za mkanda unaoutupa. Ikikwama, mkanda mpya kabisa unaungua mgongo na kung'oka meno. Zungusha hii mpya kwa kidole: nzuri inazunguka kimya, kwa uzito kidogo, kwa sababu ya grisi. Ikizunguka tu yenyewe kama pia ya mtoto, grisi ni chache. Ukisikia mkwaruzo, irudishe.

Pampu ya maji nayo ni hivyo hivyo, pale inapozungushwa na mkanda huu. Sili yake ikianza kuvuja, kulanti (maji ya kupoza injini) inalowesha mkanda, na kuifikia utafungua upya kila kitu ulichofungua leo. Kama injini yako pampu yake inazungushwa na mkanda wa nje, chukua seti isiyo na pampu.

Gates, Dayco, ContiTech na Aisin wote wanatengeneza seti zenye pampu. Tafuta kwa namba ya injini, si kwa jina la gari, kwa sababu gari la jina moja linaweza kuwa na injini tofauti, na nyingine zina cheni, hazina mkanda kabisa. Kabla ya kufunga, laza mkanda mpya juu ya wa zamani: upana ulingane, na meno uyahesabu.

Kasoro za seti zipo. Karatasi ya maelekezo mara nyingi haitoshi, kwa hiyo kitabu cha injini yako lazima uwe nacho. Sili za oili za kamshafti na kranki mara nyingi hazimo. Zinunue, maana oili ikidondokea mkanda raba inaharibika. Pia baadhi ya injini zinadai bolti mpya, na ndani ya boksi huzikuti.

Kufunga sasa. Injini ipoe kabisa. Toa waya hasi wa betri, toa plagi ili kranki izunguke kwa wepesi, kisha ulinganishe alama za puli zote na upige picha kabla hujagusa tenshena. Bolti ya kranki ifungue kwa kifaa chake cha kuizuia. Zile pini za kushikilia alama hazikuwekwa kwa nguvu hiyo. Mkanda uvishe kuanzia kranki, uwe umenyooka na kukaza upande usio na tenshena, ulegevu wote ubaki upande wa tenshena. Kama tenshena ni ya haidroliki, pini yake usiichomoe mpaka mkanda umekaa. Bolti zikaze kwa spana ya kupimia nguvu, kwa kipimo cha kitabu.

Halafu kuna hatua ambayo nawaomba sana msiiruke. Zungusha kranki kwa spana, kwa mkono, mizunguko miwili kamili, kwa mwelekeo injini inaozungukia. Ikigoma, simama hapo hapo. Usiilazimishe, huenda valvu imekutana na pistoni, na kwa mkono bado hujaharibu kitu. Baada ya mizunguko miwili alama za puli zirudi mahali pake. Kuna watu wanashtuka hapa: mistari ya rangi iliyochorwa kwenye mkanda hairudi. Ni sawa. Mistari ile inakusaidia wakati wa kuvisha tu, kwa sababu mkanda umeshasogea meno kadhaa kwenye puli. Angalia alama za puli.

Rudisha plagi na makava, jaza kulanti, utoe hewa kwenye mfumo, uwashe usikilize. Mlio wa kuvuma unaopanda na mizunguko mara nyingi ni mkanda uliokazwa kupita kiasi. Ukisikia unapiga kava, umelegea. Vyote viwili, zima kwanza. Kila kitu kikiwa sawa, andika tarehe na kilomita kwenye stika karibu na injini. Watengenezaji wengi wanataka ubadilishe kati ya kilomita 90,000 na 160,000, lakini wanaweka na kikomo cha miaka, kwa hiyo gari lako likitembea kidogo, hesabu miaka.